Mtoto Wetu Aende Chuo Kikuu Gani?

Somo la kujadiliana katika kikundi

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa KCSE yakitoka kuna nyumba zinazopiga vigelegele. Mtoto amepata C+ au zaidi, yaani amefikisha alama ya chini inayohitajika kuingia chuo kikuu kusomea digrii. Majirani wanakuja kupongeza, na baada ya wiki chache barua ya harambee inaanza kuzunguka.

Kabla ya barua hiyo kuna uamuzi ambao mara nyingi hufanywa haraka haraka. Mtoto atachagua chuo gani, na atasomea nini? Katika somo hili tutaangalia mwanafunzi anayetaka kusomea mambo ya jamii: sosholojia, uchumi, sayansi ya siasa, kazi ya ustawi wa jamii, maendeleo ya jamii, na mengine ya namna hiyo. Tutaangalia vyuo vikuu vikubwa vya serikali hapa Kenya. Lengo letu ni kwamba mwisho wa somo kikundi kiweze kukaa na kijana na wazazi wake, wachague chuo ambacho kijana anaweza kuingia NA kumaliza.

Tunatilia mkazo neno kumaliza. Harambee nyingi humpeleka mtoto hadi langoni. Mwaka wa pili watu wamechoka kuchanga, na mwaka wa tatu kijana anarudi nyumbani "kupumzika kidogo". Kikundi kimepoteza pesa na kijana amepoteza miaka.

MASOMO YA JAMII NI MASOMO GANI?

Wazee wengi huuliza, "Huyu akimaliza atakuwa nani? Daktari? Mwalimu?" Ni swali la haki, na kuuliza si ujinga.

Masomo ya jamii huchunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja: kwa nini kijiji kimoja kinajenga shule na kingine kinashindwa, kwa nini bei ya mahindi inapanda, kwa nini vijana wanahamia mjini, nani ana sauti katika baraza na nani hana. Hata vikundi kama vyenu vimechunguzwa. Profesa Philip Mbithi, aliyekuwa mwalimu wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi na baadaye mkuu wa chuo hicho, alitoa kitabu juu ya harambee mwaka 1977 pamoja na mwenzake Rasmus Rasmusson. Waliona kwamba michango ya wanakijiji ni jambo la kuchunguzwa na kuandikwa kama elimu nyingine yoyote.

Wanaomaliza masomo haya hufanya kazi katika idara za serikali za ustawi wa jamii na za watoto, katika kaunti, katika mashirika ya maendeleo na ya makanisa, na katika utafiti. Yule ofisa anayeandikisha vikundi chini ya sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022, huenda alisomea maendeleo ya jamii au sosholojia. Muulizeni siku mnapopeleka karatasi zenu. Atawaeleza mengi bure.

Lakini tuambiane ukweli. Digrii hii haina kazi moja iliyowekwa mlangoni ikimngojea mtu, kama vile uuguzi ulivyo na hospitali. Anayepata kazi kwa urahisi kidogo ni yule aliyeongeza ujuzi: anajua takwimu, anajua kompyuta, anajua kuandika ripoti, na amewahi kufanya kazi na watu mashinani. Kwa hivyo tunapochagua chuo tuulize kama kitampa huo ujuzi.

HATUA YA KWANZA: KOZI KABLA YA CHUO

Sikilizeni jinsi mazungumzo huwa katika mkutano. Mzee mmoja atasema, "Aende Nairobi bwana! Hiyo ndiyo yunivasiti." Mama mmoja atajibu, "Hapana mzee, huko ni mbali na mambo ni mengi. Aende hapa karibu." Wanabishana saa nzima, na hakuna aliyeuliza kijana anataka kusoma nini. Tena yeye mwenyewe amekaa hapo nyuma, ameinama.

Anzeni na kijana. Mwulizeni, halafu mnyamaze asikike. Kozi hizi zinafanana kwa majina lakini hazifanani kwa kazi:

- Uchumi una hesabu nyingi. Aliyechechemea katika hisabati asidanganywe na jina.
- Sosholojia ni pana. Inafaa utafiti na mipango, lakini mwanafunzi lazima ajitafutie ujuzi wa mikono, kama takwimu.
- Kazi ya ustawi wa jamii inahusu kusaidia watu wenye shida: watoto, wagonjwa, wazee, familia zilizovunjika. Inataka moyo wa kusikiliza.
- Maendeleo ya jamii inahusu vikundi, miradi na mashinani.
- Sayansi ya siasa inahusu serikali, sheria na uongozi. Si shule ya kuwa mheshimiwa.

Kijana akishachagua kozi, ndipo mnatafuta vyuo vinavyoifundisha. Kwa kila chuo ombeni orodha ya masomo ya miaka yote minne. Tafuteni mambo matatu. Je, kuna somo la takwimu na mbinu za utafiti? Je, kuna atachimenti, yaani muda wa kwenda kufanya kazi katika ofisi au shirika ili kujifunza? Je, mwaka wa mwisho mwanafunzi hufanya utafiti wake mwenyewe na kuuandika? Chuo chenye jina dogo na mambo haya matatu kinaweza kumfaa mtoto kuliko chuo chenye jina kubwa kisicho nayo.

HATUA YA PILI: VIJUENI VYUO VYENYEWE

Hatutawapa orodha ya kwanza na ya mwisho. Tutaeleza vyuo vitano vya serikali vya zamani, ili muone jinsi vinavyotofautiana.

Chuo Kikuu cha Nairobi. Kilianza kama chuo cha ufundi mwaka 1956, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikasimama peke yake. Makao yake makuu yako katikati ya mji. Kwa mwanafunzi wa masomo ya jamii hiyo ni faida: Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko hapo hapo mjini, na ofisi kuu za wizara na za mashirika mengi ziko karibu. Hasara ni gharama ya maisha ya mji. Jambo lingine: chuo hiki kina Taasisi ya Masomo ya Maendeleo, iliyoanzishwa mwaka 1965, yenye sifa kwa utafiti. Lakini kazi yake kubwa ni utafiti na digrii za juu. Sifa ya watafiti haimaanishi kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakaa mbele yao kila siku.

Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kiko Kahawa, kando ya barabara ya Thika, kama kilomita 20 kutoka katikati ya Nairobi. Mahali hapo palikuwa kambi ya jeshi la Waingereza, pakageuzwa kuwa chuo mwaka 1965, na mwaka 1985 kikawa chuo kikuu kamili. Kinajulikana sana kwa ualimu, lakini masomo ya jamii yapo pia. Wanafunzi wengi hupanga vyumba mitaa ya jirani kama Kahawa Wendani. Ofisi za Nairobi zinafikika kwa matatu, lakini nauli hiyo ihesabiwe.

Chuo Kikuu cha Moi. Kilianzishwa mwaka 1984, baada ya tume iliyoongozwa na Colin Mackay mwaka 1981 kupendekeza chuo kikuu cha pili. Makao yake ni Kesses, kama kilomita 35 kutoka mji wa Eldoret. Ni mashambani. Anayetaka utulivu atapenda. Anayetaka ofisi kubwa za atachimenti itabidi asafiri.

Chuo Kikuu cha Egerton. Kilianza mwaka 1939 kama shule ya ukulima huko Njoro, karibu na Nakuru, kikawa chuo kikuu mwaka 1987. Mizizi yake ni ukulima, na kina idara ya maendeleo ya jamii. Kijana anayetaka kufanya kazi na wakulima na vikundi vya vijijini akitazame vizuri. Wengi wanaokosa hosteli hupanga Njokerio, karibu na chuo.

Chuo Kikuu cha Maseno. Kiko karibu na mstari wa ikweta, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2001. Kwa watu wa magharibi kina faida ya ukaribu.

Kuna vyuo vingine vya serikali, na vingi vilipandishwa kuwa vyuo vikuu kamili mwaka 2012 na 2013. Msividharau. Vipimeni kwa maswali yale yale.

HATUA YA TATU: HESABU YA MIAKA MINNE

Hapa ndipo vikundi vingi huteleza. Tunahesabu karo ya kuingia, hatuhesabu maisha. Hebu tufanye hesabu ya mfano. Hizi si bei za chuo chochote, ni za kufundishia tu. Nyinyi mtaweka bei mlizouliza wenyewe. Tuchukue kwamba mwanafunzi anakaa chuoni miezi 8 kwa mwaka.

Chuo cha mjini, mbali na nyumbani:
Kodi ya chumba kwa mwezi: 6,000
Chakula: 7,000
Nauli za kila siku: 2,000
Jumla kwa mwezi: 15,000
Kwa miezi 8: 120,000
Safari 4 za nyumbani, kila moja 1,500: 6,000
Jumla kwa mwaka: shilingi 126,000
Kwa miaka 4: shilingi 504,000

Chuo cha mashambani, karibu na nyumbani:
Kodi kwa mwezi: 3,000
Chakula: 6,000
Nauli: 500
Jumla kwa mwezi: 9,500
Kwa miezi 8: 76,000
Safari 4, kila moja 500: 2,000
Jumla kwa mwaka: shilingi 78,000
Kwa miaka 4: shilingi 312,000

Tofauti ni shilingi 192,000, na bado hatujagusa karo. Sasa tuseme kikundi kina watu 20, kila mmoja anachanga 200 kila mwezi. Hiyo ni 4,000 kwa mwezi, 48,000 kwa mwaka, na 192,000 kwa miaka minne. Mmeona? Katika mfano huu michango yote ya kikundi, toka mwezi wa kwanza hadi mwisho, imekwenda kulipia tofauti ya mahali tu.

Lakini msikimbilie kusema chuo cha karibu ndicho bora siku zote. Mtoto akipata chumba cha hosteli, au ana shangazi wa kukaa naye mjini, hesabu inageuka. Tena anayesoma mashambani huenda akalazimika kupanga chumba mjini wakati wa atachimenti. Na chuo cha bei nafuu chenye kozi asiyoitaka ni ghali kuliko vyote, kwa sababu hatamaliza. Pigeni hesabu, msikisie.

Ongezeni pia akiba ya kuchelewa. Walimu wa vyuo vikuu vya serikali waligoma mwaka 2017, 2018 na tena 2024. Mgomo ukitokea masomo husimama lakini kodi ya chumba haisimami. Weka kando angalau nusu mwaka wa gharama.

Kuhusu karo: kozi moja inaweza kuwa na karo tofauti kutoka chuo hadi chuo, kwa hivyo ombeni karatasi ya karo ya kozi yenyewe. Bodi ya mikopo, HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Mwezi wa Mei 2023 serikali ilileta mpango mpya ambao mwanafunzi hupewa ufadhili na mkopo kulingana na uwezo wa jamaa yake, na jamaa hulipa sehemu yake. Disemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mpango huo unakwenda kinyume cha Katiba, na kesi ikafika Mahakama ya Rufaa. Kwa hivyo msitegemee habari za mwaka jana. Nendeni Huduma Centre au ofisi ya HELB mkaulize mpango wa mwaka huu. Na kumbukeni: pesa hizi haziji zenyewe. Mwanafunzi lazima aombe, kwa ukweli na kwa wakati. Mkopo nao ni deni. Utalipwa.

HATUA YA NNE: CHUO KIKUBWA KINA WATU WENGI

Shuleni mwalimu alimjua mtoto wenu kwa jina, na akikosa darasani mzazi aliitwa. Chuo kikubwa si hivyo. Katika masomo ya mwaka wa kwanza anaweza kuwa katika ukumbi wenye mamia ya watu. Asipohudhuria huenda hakuna atakayemtafuta. Alama zikikosekana kwenye orodha, ni yeye wa kwenda ofisini, arudi tena, na arudi tena.

Kwa hivyo mtayarisheni. Ajue kumwendea mwalimu na kuuliza. Aweke nakala za karatasi zake zote, na risiti za karo, mpaka siku ya mahafali. Aingie katika kikundi cha kusoma pamoja na wenzake. Kama ni mtoto mnyamavu sana, chuo kidogo kinaweza kumlea vizuri zaidi. Hilo si aibu.

Kama mnaweza, mtafuteni mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne anayesoma kozi hiyo hiyo katika chuo hicho. Mwulizeni: Walimu hufika darasani? Mlipata atachimenti wapi? Waliomaliza mwaka jana wako wapi sasa? Majibu yake yatawafaa kuliko picha nzuri za majengo.

HATUA YA TANO: KUTUMA MAOMBI BILA KUDANGANYWA

Siku hizi anayepanga wanafunzi vyuoni ni shirika la serikali liitwalo KUCCPS, lililoundwa kwa sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2012. Kabla ya hapo ilikuwa bodi iliyojulikana kama JAB. Maombi hutumwa kwa njia ya intaneti. Kila kozi ya kila chuo ina namba yake. Ukikosea namba umeomba kozi nyingine, au chuo kingine. Basi watu wawili wakague namba kabla ya kutuma.

KUCCPS pia huonyesha alama ya mwanafunzi wa mwisho aliyeingia kozi hiyo miaka iliyopita. Linganisheni na alama za kijana. Chaguo la kwanza liwe lile analotaka sana na anakaribia kulifikia. Mengine yawe yale anayofikia bila wasiwasi. Asijaze yote kwa kozi za alama za juu, halafu akose zote apangiwe asichokijua.

Akipangiwa mahali pasipofaa, kuna wakati mfupi ambao KUCCPS hufungua maombi ya kuhamia chuo kingine. Inategemea alama na nafasi zilizopo. Muwe macho na tarehe.

Na jihadharini na matapeli. Atakuja mtu na kusema ana "mjomba ofisini", tumeni pesa kidogo kwa simu. Msitume. Karo hulipwa kwa njia iliyoandikwa katika barua ya chuo, si kwa namba ya simu ya mtu. Na kozi yoyote mnayoitilia shaka, ulizeni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama imeidhinishwa.

KAZI YA KIKUNDI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi kikiamua kumsaidia kijana, fanyeni hivi:

1. Andikeni mapatano: kikundi kitatoa nini, kwa miaka mingapi, na wazazi watatoa nini. Mwenyekiti, katibu, mzazi na kijana watie sahihi.
2. Badala ya harambee moja kubwa, pangeni mchango mdogo wa kila mwezi kwa miaka yote minne.
3. Mweka hazina alipe karo moja kwa moja kwa chuo na kuleta risiti mkutanoni.
4. Ombeni pia basari za kaunti na za eneo bunge, pale zilipo, kila mwaka zinapotangazwa.
5. Kila muhula kijana alete matokeo. Si kwa kumtisha. Ni ili shida ijulikane mapema.
6. Wakati wa likizo afanye kazi na kikundi: aandike kumbukumbu, apange hesabu, awahoji wanachama kuhusu mradi. Kikundi kitapata msaada, naye atapata ujuzi ambao waajiri wanautafuta.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, ni wangapi walioingia chuo kikuu na hawakumaliza? Nini kiliwazuia?
2. Tunapochagua chuo, nani husikilizwa zaidi: kijana, mzazi, au mwenye sauti kubwa? Inafaa iwe hivyo?
3. Fanyeni hesabu ya miaka minne kwa vyuo viwili mnavyovijua, kwa bei za kweli. Tofauti ni kiasi gani? Je, kozi ya chuo cha ghali inastahili tofauti hiyo?
4. Je, msichana aliyefaulu anachangiwa sawa na mvulana? Kama sivyo, kwa nini?
5. Nani kati yetu atakwenda Huduma Centre kabla ya mkutano ujao, na ataleta majibu ya maswali gani?

Andikeni majibu katika daftari la kikundi. Mkutano ujao anzeni na swali la tano.